Mtakwimu Naye Yuko Wodini

Matangazo ya nafasi za utafiti kwa waliohitimu shahada ya uzamivu katika fani za afya hayaachi kutaja sharti moja: mwombaji awe mahiri katika uchambuzi wa takwimu. Wapo wahudumu wanaonung'unika kwamba sharti hilo huwapendelea watu wa hesabu wasiowahi kumhudumia mgonjwa. Kwa maoni yangu sharti ni la haki. Kasoro ipo katika namna tunavyolipima.

Tuutazame utafiti wa FEAST, uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2011. Watoto 3,141 wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu waligawanywa kwa kura: wengine walipewa maji mengi ya haraka kwa njia ya mshipa, tiba iliyoaminika kwa miaka mingi, na wengine hawakupewa. (Watoto wenye kuharisha hawakuhusishwa, hivyo mzazi asiyaogope maji kwa sababu ya utafiti huu.) Ndani ya saa 48, miongoni mwa waliopewa walifariki kati ya 10 na 11 katika kila 100, miongoni mwa wasiopewa walifariki 7 hivi.

Muuguzi wa zamu asingeweza kuiona tofauti hiyo kwa macho. Zaidi ya hayo, katika saa ya kwanza waliopewa maji ndio walioonekana kupata nafuu kwa wingi zaidi. Mtoto alipofariki baadaye, lawama iliuendea ugonjwa. Hesabu ndiyo iliyowatambua watoto watatu wa ziada katika kila mia.

Basi umahiri huo tuupimeje? Usaili mwingi huuliza mwombaji anajua programu gani za kompyuta. Afadhali apewe daftari halisi la kliniki, aulizwe: nani hayumo humu? Katika kliniki ya VVU wapo walioacha kuhudhuria. Baadhi wamehamia kwingine, baadhi wamefariki. Ukiwaondoa wote katika hesabu, kliniki itaonekana inaokoa maisha kuliko inavyookoa kweli, na kompyuta haitakuonya. Atakayekuonya ni karani wa masjala, au mhudumu wa jamii anayezijua nyumba zao. Nawe ndugu mgonjwa, ukihamia kliniki nyingine, iarifu ile uliyotoka. Kutoonekana kwako huingia katika hesabu zetu kwa sura isiyo yako.

Kwa hiyo nafasi hizi ziwekwe hospitalini, karibu na madaftari yenyewe, na mtafiti ashinde wodini na masjala kwa majuma kadhaa kabla ya kuchambua chochote. Mkataba wake usiishe wakati ndio kwanza ameanza kuyaelewa maandishi ya wauguzi. Na muuguzi mwenye jicho la hesabu afadhiliwe kuisomea kazi hiyo, arudi kuifanya katika wodi anayoifahamu.