Harusi ya Kanisani Si Utangulizi wa Ukumbini



Wapendwa Taifa la Mungu, kila msimu wa harusi kamati hukaa zikajadili ukumbi, keki, mapambo na mpiga picha. Mwishoni kabisa, kama jambo la nyongeza, huuliza: "Na kanisani ipigwe nini?" Tunasema wazi: swali hilo limewekwa mahali pasipo pake.

Wapo wanaodai kwamba siku hiyo ni ya maarusi, basi wachague watakacho, hata wimbo wa mapenzi unaovuma redioni. Hatukubaliani nao. Ndoa ni Sakramenti, na Sakramenti ni ya Kanisa zima. Hati ya Musicam Sacram ya mwaka 1967 ilionya kwamba mambo ya kidunia yasipenyezwe katika ibada kwa kisingizio cha kuongeza fahari, na ikaitaja Ndoa waziwazi.

Wapo pia wa upande wa pili, wanaodhani kuwa kinanda pekee ndicho kitakatifu na ngoma ni ya kishenzi. Nao wamepotoka. Ni kweli kwamba mwaka 1903 Papa Pio wa Kumi alikataza ngoma kanisani. Lakini katika waraka huohuo alikataza piano pia! Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Sacrosanctum Concilium ya mwaka 1963, ulikipa kinanda cha mabomba heshima kubwa, kisha ukazifungulia mlango ala nyingine zinazofaa, kwa idhini ya mamlaka ya Kanisa mahalia. Kwa mlango huo ngoma na kayamba ziliingia kwa haki.

Utakatifu, basi, haumo katika mabomba wala katika ngozi. Utazameni muziki ule wa kumwingiza bibi harusi, ambao wengi huudhani kuwa wa Kanisa. Umetoka katika opera ya Lohengrin ya Richard Wagner, iliyooneshwa mara ya kwanza mwaka 1850, na humo ndoa inayoimbiwa huvunjika usiku uleule. Je, ukipigwa kwa kinanda hugeuka kuwa sala?

Kipimo chetu ni kimoja: ala inayowasaidia waamini kusali ibaki, inayowanyamazisha itoke. Maarusi wanapotamka ahadi zao, vyombo vyote vinyamaze, kwa maana wao ndio wahudumu wa Sakramenti hiyo, na sisi sote ni mashahidi. Shahidi asiyesikia ameshuhudia nini?

Lipo pia jambo la haki. Harusi yenye fedha huimbiwa na kwaya nzima, tena kwa saksafoni ya kukodi. Harusi ya maskini huambulia waimbaji watatu na kinanda kilichofungwa. Sakramenti ni ileile! Walimu wa kwaya, tunawasihi: bahasha isiwe ndiyo inayopanga ukubwa wa kwaya.

Nanyi wachumba, njooni mapema, kabla kamati haijakaa. Chagueni masomo kwanza, kisha nyimbo zinazoyafuata, zenye viitikio ambavyo hata bibi aliyesafiri kutoka kijijini ataviitikia. Vigelegele vipigwe baada ya ahadi. Hiyo nayo ni shangwe mbele za Bwana. Nyimbo za mapenzi zina ukumbi wake jioni, na huko tutazicheza pamoja nanyi.

Mungu awabariki.