Chanjo ya gripi: ku farmasi za Lubumbashi iko wapi?



Mwezi huu wa sita, baridi na vumbi vilipoingia pamoja mu mji kama kila mwaka, tulizunguka farmasi saba, kutoka Kamalondo mpaka komini ya Kenya. Tulikuwa watatu. Tulitafuta kitu kimoja tu: chanjo ya gripi kwa mama ya mwenzetu. Yeye iko na ugonjwa wa sukari, na mwaka jana gripi ilimulaza kitandani wiki mbili.

Jibu lilikuwa karibu lile lile kila pahali: "Chanjo ya gripi? Hiyo hatuko nayo. Lakini mumupe hii antibiotike, siku tatu atapona." Bila karatasi ya munganga, bila hata kuuliza mama iko na miaka ngapi. Gripi inaletwa na virusi, na antibiotike haiui virusi. Siye tulisoma, tunajua hiyo, na bado ku farmasi ya sita tulikaribia kununua, juu kurudia nyumbani mikono mitupu inaumiza.

Wauzaji hatuwalaumu sana. Kila mutu anauza kile alicho nacho. Shida iko juu zaidi. Programu ya Leta ya chanjo, ile ya PEV, inawapa watoto bure chanjo ya polio, surua, kifua kikuu, homa ya manjano na zingine. Ya gripi haimo. Lakini OMS inaiomba kwa wamama wenye mimba, wazee, wagonjwa wa sukari ao wa moyo, na wafanyakazi wa afya.

Kuna wenye watasema: "Gripi njo nini? Tuko na malaria, tuko na kolera." Tunawasikia, na hatutaki dozi hata moja ya surua ipotee juu ya gripi. Lakini mukumbuke Panzi, mu jimbo la Kwango, mwisho wa 2024. Watu walikufa, wengi wakiwa watoto wadogo, na dunia nzima ikaita "ugonjwa usiojulikana". Vipimo vilipofanywa, ilionekana malaria, na pamoja nayo virusi vya kupumua, gripi ikiwemo, mu miili iliyokuwa imeisha kulegezwa na njaa. Kwetu gripi inakuta wengine wametangulia.

Tena si chanjo ya kuleta ovyo. Inarudiwa kila mwaka, juu virusi vinabadilika. OMS inachagua aina yake mara mbili: mwezi wa pili kwa upande wa kaskazini wa dunia, mwezi wa tisa kwa upande wa kusini. Kongo imekatwa na ikweta, na baridi yetu ya Katanga ni ya mwezi wa sita na wa saba. Dozi zikifika mwezi wa kumi pamoja na zile za Ulaya, siye tumeisha kukohoa. Inataka pia baridi ya digrii 2 mpaka 8, na umeme wa SNEL wote tunaujua. Frigo bila sola ni kabati.

Mwezi wa tatu 2021 inchi ilipokea dozi 1.700.000 za AstraZeneca kwa ajili ya Covid. Mwezi uliofuata karibu 1.300.000 zikaamuliwa ziende inchi zingine, mbele ziharibike.

Watu wa kazi wako. UNILU iko na fakulte ya farmasi. Kati yetu tunaoandika hii, muko mwenye diploma hiyo. Leo anauza uniti za simu kando ya barabara.

Tunaomba divisheni ya afya ya Haut-Katanga hivi: mbele ya baridi ya mwaka kesho, dozi za wamama wenye mimba na wafanyakazi wa afya zifike mu vituo vya afya. Na farmasi zenye frigo ya sola na mufarmasia mwenye diploma ziruhusiwe kuchanja, bei ibandikwe ku mulango. Katiba, kifungu cha 47, inahakikisha haki ya afya.

Barua tutaipeleka siku ya kwanza, saa tatu asubuhi. Mwenye anakuja, alete karatasi moja: kartie yake, aliomba nini ku farmasi, walimupa nini. Mama ya mwenzetu ameisha kuanza kukohoa.