Mchoraji na Uhuru wa Mkono Wake

Wengi hudhani kwamba mchoraji wa katuni ni mtu wa kuchekesha tu, na fundi wa michoro ya chapa ni mtu asiye na la kusema. Mimi naona sivyo. Ushahidi wangu leo ni Tove Jansson wa Ufini, aliyezaliwa Helsinki mwaka 1914.

Babake alikuwa mchonga sanamu, mamake akichora stempu za posta. Tangu 1929 hadi 1953 Tove alilichorea gazeti la kejeli liitwalo Garm. Mwaka 1938, wakubwa wa Ulaya walipokuwa wakimbembeleza Hitler, yeye alimchora kama mtoto mtukutu anayelia huku akipewa keki. Uthubutu huo haukuwa mchezo.

Mwaka 1954 gazeti la Evening News la London likaanza kutoa hadithi zake za picha za Moomin. Sisi tuliozoea kumfuata Juha Kalulu wa Edward Gitau katika Taifa Leo twaujua utamu wa hadithi za namna hiyo. Lakini nyuma ya utamu pana jasho: vipande sita kila wiki, inyeshe isinyeshe. Zikaenea katika nchi kama 40. Fedha zikaja, uhuru ukaenda. Mkataba wake wa miaka saba ulipokwisha mwaka 1959, alikataa kuutia sahihi tena. Nduguye Lars akaichukua kazi hiyo na kuiendeleza hadi 1975; yeye akarudia rangi na vitabu vyake.

Mwenzi wake alikuwa Tuulikki Pietilä, mwalimu na fundi wa michoro ya chapa. Kazi hiyo, iwe ya ubao, ya lino au ya bamba la shaba, haitaki pupa. Katika lino, unapochonga hubaki peupe, na unapopaacha ndipo panaposhika wino. Maandishi nayo sharti uyachonge kinyume. Patasi ikiteleza, hakuna kufuta. Mafundi wetu wa milango ya nakshi kule Lamu watanielewa. Tove alimtia Tuulikki katika kitabu chake cha 1957 kwa jina la Too-Ticky, mwenye busara anayemfundisha Moomintroll kuishi na majira ya baridi.

Wawili hao walikuwa wapenzi tangu katikati ya miaka ya 1950 hadi Tove alipofariki mwaka 2001. Neno hilo silifichi wala silipambi. Nchini mwao jambo hilo lilikuwa hatia ya jinai hadi 1971, na lilihesabiwa maradhi hadi 1981. Wao hawakupiga mbiu, wala hawakukimbia. Vyumba vyao vya kazi mjini Helsinki viliunganishwa na ushoroba wa darini, na kila kiangazi, kwa miaka mingi, walihamia Klovharu, kisiwa kidogo cha mwamba. Mwaka 1996 wakatoa kitabu juu ya kisiwa hicho, maneno ya Tove na picha za Tuulikki.

Najua msomaji wangu wa Mombasa, Malindi au Lamu atauliza: ya nini kutuletea habari hii, na hali dini yetu ina hukumu yake inayojulikana? Swali hilo ni la haki. Mimi si kadhi, na ukurasa huu si mimbari. Lakini dini hiyo hiyo imetukataza kupelelezana, kusema uongo na kudhulumu. Wapo watakao kazi isifiwe na jina la mwenzi lifutwe. Huo ni uongo, kwani pasipo Tuulikki hakuna Too-Ticky wala kitabu cha kisiwa. Wapo pia watakao mtu kama huyo apigwe au afukuzwe kazini. Hiyo ni dhuluma, nayo haigeuki kuwa halali kwa sababu mdhulumiwa hafanani nasi. Hesabu ya moyo wa mtu ni baina yake na Mola wake. Iliyo yetu ni kusema kweli na kuizuia mikono yetu.

Kwa vijana wetu wachorao na wachongao, nawausia wausome mkataba kabla ya kuutia sahihi, na wajue siku ya kuuacha. Na wenye magazeti na maduka nao wailipe kazi kwa thamani yake, wala wasimdai msanii aifiche nusu ya maisha yake kuwa ndiyo bei ya kumpa nafasi.