Thamani ya Sarafu ya Kirumi: Imo Katika Sarafu au Katika Kasha?

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza; ndivyo walivyonena wahenga. Lakini katika biashara ya sarafu za kale siku hizi, hata kilicho kizuri hutembezwa, tena kikiwa kimefungwa ndani ya kasha gumu la plastiki lenye kibandiko kinachotangaza daraja lake. Sarafu ya Kirumi iliyolala ardhini kwa karne nyingi hupelekwa kwa wataalamu, ikakaguliwa, ikapewa daraja, ikafungwa, kisha ikarudishwa sokoni kwa matumaini ya bei kubwa zaidi. Ndugu msomaji, swali la Jumapili hii ni hili: Je, thamani inayoongezeka hapo ni ya kweli?

Desturi hii haikuanza na sarafu za kale. Mwaka 1949 Mmarekani William Sheldon alitunga kipimo cha kuanzia 1 hadi 70 kwa ajili ya senti kubwa za shaba za nchi yake. Katika miaka ya 1980 yakazuka huko makampuni ya kupanga madaraja kwa malipo. Mojawapo, iitwayo NGC, ilianzishwa mwaka 1987, na mwaka 2008 ikafungua idara ya sarafu za kale. Kwa sarafu za mashine, kazi hiyo ina maana iliyo wazi. Mashine hutoa maelfu ya sarafu zinazofanana kama mapacha. Basi linalobaki kupimwa ni hali yake tu.

Sarafu ya Kirumi ni kiumbe kingine kabisa. Fundi aliweka kipande cha madini kati ya mihuri miwili, akapiga kwa nyundo. Pigo moja likaangukia katikati, jingine pembeni. Muhuri mmoja ulikuwa mpya, mwingine umekwisha kulika. Kwa hiyo ni vigumu kupata dinari mbili zilizo sawasawa. Wapangaji madaraja wenyewe wanalitambua jambo hilo, kwani kwa sarafu za kale NGC haitumii ile namba ya 70. Hueleza uchakavu kwa maneno, kisha hutoa alama za 1 hadi 5 kwa ubora wa pigo, na nyingine kama hizo kwa hali ya uso wa sarafu.

Tusiwanyime haki yao. Sarafu bandia zimekuwako tangu zamani; Mjerumani Carl Wilhelm Becker, aliyefariki mwaka 1830, alichonga mihuri ya kughushi kwa ustadi mkubwa hata kazi yake ikawahadaa wajuzi. Mnunuzi mgeni, aliye mbali na mabingwa, hununua kwa macho ya mwenziwe, na macho yaliyozoea ni bora kuliko ya kubahatisha. Tena kasha huikinga sarafu na jasho la vidole. Ndiyo maana wanunuzi wengi wa Marekani huwa tayari kuongeza fedha kwa sarafu iliyofungwa, ilhali wafanyabiashara wengi wa Ulaya bado huuza sarafu zao zikiwa wazi.

Hata hivyo, yafaa tutazame kasha hilo linaahidi nini. NGC hutoa maoni kwamba sarafu ya kale ni halisi, lakini kwa miaka mingi dhamana yake haikufika hadi kwenye uhalisi wa sarafu hizo. Basi aliyedhani kuwa kibandiko ni dhamana alijidanganya mwenyewe. Zaidi ya hayo, mjuzi hutaka kuishika sarafu mkononi, aipime uzito na kuuchunguza ukingo wake, maana sarafu iliyomiminwa katika kalibu huweza kujifichua hapo. Kasha humzuia. Na zile sarafu ndogo za shaba za karne ya nne, zinazopatikana kwa wingi, hugharimu dola chache tu; ada ya kuzipanga huweza kupita bei yake. Hapo kilichoongezeka ni gharama, wala si thamani.

Mfano mmoja watosha kutufumbua macho. Wasomaji wetu wengi wanamfahamu Brutus kutokana na tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya tamthilia ya Shakespeare, iliyotoka mwaka 1963. Mwaka 42 kabla ya Kristo, Brutus alipiga sarafu ya kujisifia mauaji ya Julius Caesar: upande mmoja sura yake, upande wa pili majambia mawili na kofia ya uhuru. Mwezi Oktoba 2020, sarafu ya dhahabu ya aina hiyo iliuzwa mnadani London kwa kiasi cha paundi milioni 3.24, ikiwa imepewa daraja la juu. Lakini karatasi za asili yake zilikuwa za uongo. Mwaka 2023 wenye mamlaka wa New York waliirudisha Ugiriki. Daraja lilikuwa la juu. Ila daraja halikuulizwa sarafu imetoka wapi, nalo halikujibu.

Sisi wa pwani hii tuna ushahidi wetu wa jambo hilo. Mwaka 1944 sarafu tano ndogo za shaba za Kilwa ziliokotwa katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Uzito wa habari yake hautokani na mng'aro wake. Watafiti wanahangaika nazo hadi leo kwa kuwa inajulikana ziliokotwa wapi. Lau zingefungwa katika kasha zuri bila jina la mahali, zingekuwa vipande vya shaba tu.

Kwa hiyo jibu letu ni hili. Kasha huongeza bei pale ambapo wanunuzi wanaliamini, na humfaa mgeni anayenunua sarafu ya bei kubwa. Thamani yenyewe haiongezi hata chembe. Anayetaka kutumia akiba ya jasho lake kwa vitu hivi na aanze kwa kununua maarifa, amwulize muuzaji hati za asili, kisha ndipo asome kibandiko. Kibandiko kimeandikwa na mtu wa jana; sarafu yenyewe ina maelezo yaliyodumu miaka elfu mbili.