Hofu ya kijana nayo ina vichekesho vyake

Mwaka 2006 mwandishi Mmarekani Ned Vizzini alichapisha riwaya ya vijana iitwayo It's Kind of a Funny Story. Mhusika mkuu, Craig Gilner, ni kijana wa miaka 15 wa Brooklyn, New York, aliyekesha na vitabu ili apate nafasi katika sekondari ya wateule. Anaipata, na akifika anakuta karibu kila aliyeketi jirani naye alikuwa kinara huko alikotoka. Chakula kinaanza kumrudi. Usingizi unaota mbawa. Juu ya hayo, msichana anayemtamani ni mpenzi wa rafiki yake mkubwa. Usiku mmoja anajikuta hataki tena kuishi, anapiga simu ya msaada, anakwenda hospitali kwa miguu yake, na kwa kuwa wodi ya vijana inakarabatiwa, analazwa na watu wazima. Ukiisimulia hivyo ni habari ya majonzi mwanzo hadi mwisho, lakini kitabu hiki kinachekesha kwelikweli, na naamini kinamfaa kijana mwenye wasiwasi kwa sababu hiyo hasa.

Kinachekesha bila kumdhihaki mgonjwa. Vizzini amemwacha Craig ajisimulie mwenyewe, na kijana wa umri huo akijieleza kwa uzito wote huku msomaji anaona asichokiona yeye, kicheko kinakuja chenyewe. Craig anadhani atapewa dawa arudi nyumbani. Anashtukia anaonyeshwa kitanda. Mwenzake wa chumbani, Mmisri aitwaye Muqtada, hatoki kitandani kwa lolote, na Craig anahangaika mpaka upatikane muziki wa kwao wa kumtoa. Mgonjwa mwingine, Bobby, ana usaili wa kupata makazi na hana shati la maana, basi kijana anamtafutia shati kutoka nyumbani kwao. Aliyeingia akidhani dunia nzima inamtazama yeye anajikuta ana shughuli za watu. Hofu humwaminisha kijana kwamba yuko peke yake, na mahubiri hayamtoi huko, maana mhubiri husimama nje ya hofu yenyewe. Kicheko kinaweza, kwa kuwa huwezi kulicheka jambo bila kulitazama kwa mbali kidogo, na umbali huo ndio anaoukosa mwenye wasiwasi.

Nani atasema hayo ni ya New York peke yake? Mtoto aliyeongoza darasa la saba kijijini kwao akichaguliwa kwenda sekondari ya Ilboru, Kibaha au Kilakala, anakutana na bweni zima la walioongoza, na lazima mmoja wao awe wa mwisho. Januari 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora, ila nyumbani kupanga watoto kwa namba hakujaisha. Sasa tazama tumempa kijana huyu kitu gani asome. Kwa miaka mingi, Kilio Chetu na Orodha zilikuwa miongoni mwa tamthiliya teule za kidato cha tatu na cha nne. Katika ya kwanza Joti anapata UKIMWI na Anna anapata mimba. Katika ya pili Furaha anakufa kwa UKIMWI. Zilikuwa na kazi ya kufanya, katika nchi iliyokuwa inazika vijana wake, na sizilaumu. Lakini aliyelelewa na vitabu hivyo angeweza kuamini kwamba mapenzi ya shule yana miisho miwili tu, mimba au kaburi, na kwamba hofu ndogondogo, ya chunusi, ya kuitwa ubaoni, ya ujumbe uliosomwa usijibiwe, hazistahili kuandikwa. Ajabu ni kwamba hata ndani ya Orodha, pale penye uhai zaidi ni pa kuchekesha: wanaume wazima wenye heshima zao wakihaha kuizuia barua ya marehemu Furaha isije ikasomwa hadharani.

Mzazi atasema kumpa mwanafunzi riwaya yenye mapenzi ya shule ni kumfungulia mlango. Mlango huo simu ilishaufungua zamani, na Vizzini walau hayapambi mapenzi hayo. Pingamizi zito ni lingine. Vizzini aliandika yaliyomkuta, kwani naye aliwahi kulazwa kwa sonona, na Desemba 2013 alijiua akiwa na miaka 32. Kicheko kilimfaa nini? Swali hilo halikwepeki. Jibu langu ni kwamba riwaya yake haikuahidi tiba. Usiku ule mbaya, kilichomwokoa Craig ni simu na hospitali, wala si mzaha. Kitabu kikimfanya msomaji acheke, kisha akamwona kijana mwenzake akiomba msaada bila kuaibika, kimemaliza sehemu yake. Sehemu iliyobaki ni ya mshauri nasaha wa shule, ambaye mara nyingi ni mwalimu wa kawaida mwenye vipindi vyake vyote na rundo la madaftari ya kusahihisha.

Wala tusiseme Kiswahili hakina desturi ya ucheshi. Tuna Abunuwasi, tuna Madenge na Ndumilakuwili wa jarida la katuni la Sani. Kenya wana Shujaaz, katuni za Sheng zilizoanza mwaka 2010 na kugawiwa bure, ambamo kijana aliyemaliza shule bila kazi anarusha redio ya siri kutoka chumbani kwake. Kinachokosekana ni riwaya nzima, kwa Kiswahili cha bwenini, na kikwazo kinajulikana: mchapishaji anaishi kwa vitabu vya shule, na kitabu cha shule hutakiwa kiwe na funzo. Taasisi ya Elimu Tanzania ikikubali riwaya moja tu ya namna hii iwe kitabu cha ziada, mchapishaji atapata sababu ya kuthubutu. Kwa sharti moja: isitungiwe swali la "eleza mafunzo matano uliyoyapata".