Kitabu chaweza kumfumbua macho mlevi

Mlevi akikemewa hununa. Akisoma kisa cha mwingine, huenda akajiona. Katika Angela's Ashes (1996), Frank McCourt asimulia jinsi baba yake alivyonywa mshahara huku watoto wakilala njaa mjini Limerick, Ireland. Naye Marian Keyes, aliyewahi kutibiwa uraibu wa pombe, alitunga Rachel's Holiday (1997), riwaya ya mwanamke anayekana kwamba dawa za kulevya zimemtawala. Utacheka, kisha utanyamaza.

Je, una ndugu wa namna hiyo? Badala ya kumtusi, mwachie kitabu mezani. Lakini kitabu si tiba. Aliyezoea kunywa kupindukia asiache ghafla pasipo daktari. Aweza kushikwa na kifafa, hata afe.