HEWA INAUZWA, NA JASHO JE?

Ndugu wafanyi kazi,

Siku hizi mwenye ardhi hulipwa asikate miti. Mti huvuta hewa ya kaboni na kuiweka katika shina na mizizi, na wanunuzi wa ng'ambo hulipia kila tani. Huko Gazi, Kwale, wanakijiji wanauza kaboni ya mikoko yao tangu 2013, na fedha zimeleta maji na vitabu vya shule. Jambo hilo twalisifu.

Lakini asiye na ardhi atapata nini? Sheria ya tabia nchi, iliyorekebishwa mwaka 2023, yasema miradi iliyo katika ardhi ya umma na ya jamii iwape wenyeji angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka, gharama zikisha kutolewa. Mlinzi wa msitu, mpanda miche na mpima miti wamo ndani ya neno hilo "gharama". Na gharama hupunguzwa, nani asiyejua?

Hatupingi kulindwa kwa miti. Twasema msitu haujilindi wenyewe. Yuko mtu anayekesha humo. Kwa hiyo twataka mambo matatu: mkataba wa kazi ulioandikwa, mshahara usioshuka bei ya kaboni ikishuka, na kiti cha mfanyi kazi katika kamati inayogawa fedha.

Wanachama mlio katika kazi hizo, mwoneni katibu wa tawi kabla mikataba haijatiwa sahihi. Mikataba hiyo ni ya miaka mingi. Atakayechelewa atangoja sana.

Umoja ni nguvu.